Nilificha maneno ya Bibi kwenye email ili zisiingie spam

Wakuu, nawasalimu kutoka Olasiti, Arusha. Haya yamenipata mwenyewe, na aibu yake nimeibeba mwenyewe, kwa hiyo sina sababu ya kuongeza chumvi.

Elimu yangu ni form four. Ndoto ndizo ninazo nyingi kuliko bando.

Ndoto kubwa ilikuwa kwa Bibi yangu. Anaishi juu kidogo ya Makumira, ana kashamba ka kahawa na migomba, na ng'ombe mmoja anaitwa Neema. Kahawa anaikaanga mwenyewe na kuitwanga kwenye kinu. Ukiinywa unasahau ulichokuja kufanya.

Nikamwahidi nitamletea wageni waje kuona hiyo kazi.

Akaniamini. Kila Jumamosi anafagia uwanja, anavaa kitenge kizuri, anakaa na ungo wa kahawa anasubiri.

Mimi nikakusanya email kwenye vibao vya maduka na ofisi mjini, nikatuma tangazo la kutembelea shamba kwa wote. Kimya. Nikajaribu kumtumia rafiki yangu, likaangukia spam.

Nikaingia mtandaoni kusoma jinsi watu wanavyokwepa chujio, ile mashine inayotupa email kwenye spam. Wakuu, kuna watu wana akili halafu wanaitumia huko.

Wengine wanageuza tangazo lote kuwa picha, mashine isisome maneno. Ila iliyonivutia ni hii: chini ya tangazo unajaza maneno ya kawaida, kama barua ya mtu na ndugu yake, kwa rangi nyeupe. Msomaji haoni kitu, chujio linadhani ni barua ya kweli.

Maneno ya kawaida niyatoe wapi? Nilikuwa jikoni kwa Bibi, anaongea huku anapuliza moto. Nikawa nachapa anachosema.

Kwamba Neema ana mimba na tangu jana amekataa majani. Kwamba ile kahawa babu aliipanda mwaka waliooana, na mpaka leo akiikaanga huwa anampa marehemu habari za nyumbani.

Nikaweka nyeupe, nikatuma.

Baadaye ndiyo nikajua kuwa chujio siku hizi linaujua huo ujanja, maandishi ya kufichwa ndiyo yanalishtua zaidi. Account yangu ikazuiwa kutuma siku kadhaa.

Jumamosi ya tatu Bibi akaniuliza taratibu, "Baba, hao wageni wanajua njia?"

Nikamwambia wanajua.

Wiki iliyofuata likaja jibu moja. Mama Nisha, mama wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, familia yao ipo Arusha tangu enzi za babu zao. Ana tabia ya kupitia spam kabla hajafuta. Simu yake ipo dark mode, kioo cheusi, maneno yangu meupe yakawa yanang'aa.

Tangazo hakuligusia kabisa. Aliandika: "Neema ameanza kula?"

Jumamosi akaja na mama mkwe wake. Baada ya shikamoo wakaenda moja kwa moja bandani. Bibi akashangaa wamemjuaje ng'ombe wake, na habari za babu wamezitoa wapi. Akanigeukia.

Nikakiri yote mbele ya wageni, mpaka ule uongo wa njia.

Bibi akatwanga kahawa yake kidogo, akaweka mchi chini. "Kwa hiyo maneno yangu uliyaficha, ukaonyesha ya kwako?"

Mama Nisha akacheka mpaka akaweka kikombe cha kahawa chini. "Kijana, ya kwako nilikuwa nayafuta."

Bibi akanisogezea kigoda. "Kaa hapa. Andika upya, mimi nasema."

Nilichojifunza wakuu: wale watu wote niliowatumia email sikuwa namjua hata mmoja, wala hawakuniomba kitu. Nilitumia akili nyingi kulidanganya chujio, na mtu wa kumwambia jambo sikuwa naye. Sasa naandika moja moja, kwa aliyekubali kuandikiwa. Bibi anasema, mimi nachapa, kwa rangi nyeusi.

Wenye bibi zenu, hebu tupeni hapa: angepewa nafasi ya kumwandikia mgeni asiyemjua, angeanza na lipi?