Mama Shamila na Unga wa Langoni

Serikali ilipoacha kuleta maharage, ilianza kuleta maagizo. Hivyo ndivyo Mwanne, ambaye kila mtu alimwita Mama Shamila, alivyokuwa akiwaeleza wageni habari za mageuzi, na wala hakuwa akitania. Miaka ile korosho ilinunuliwa na yeyote mwenye mzani, maji yaliuzwa na yeyote mwenye lori, na wazee wasio na mtu waliokuwa wakikaa kwenye makazi yao nje kidogo ya Newala waliachiwa shirika moja lenye moyo mzuri na mfuko mtupu. Walezi wenzake waliondoka mmoja mmoja wakatafute kazi ya kubangua korosho. Yeye alibaki, pamoja na mlinzi wa lango, Selestini, mtu wa makamo aliyevuka Ruvuma kukimbia vita ya Msumbiji, asiye na ndugu hata wa kusingizia.

Mwanne alikuwa Myao wa Lisekese, mwanamke wa mifupa mikubwa na ulimi mkali. Kazi aliianza kwa kufagia wodi kule hospitali ya Mkomaindo, akasogea taratibu mpaka akaaminiwa kuwageuza wagonjwa na kuwaosha. Hasira zake zilikuwa karibu. Aliwahi kumtwanga muuza maji kwa ndoo yake mwenyewe kwa kuwauzia wazee tope, na muuza maji alipokwenda kushitaki alichekwa mpaka akarudi nyumbani. Lakini mzee akijichafua kitandani, Mwanne alimwosha bila kukunja uso, huku akimpa habari za mjini kana kwamba wamekaa barazani wanakunywa kahawa.

Miongoni mwa wazee hao alikuwemo Bibi Ethel. Mwanawe, Erasto, alikuwa wakala wa wanunuzi wa korosho, mtu wa kifua na sauti kubwa. Alimleta mama yake kwenye makazi, akamwachia kanga mpya, akaahidi kuja kumwona Jumapili. Jumapili hiyo haikufika.

Kipindupindu kilipanda uwanda wa Makonde pamoja na mvua. Huku juu maji ni ya shida, watu hushuka mabondeni kuyachota, na mwaka ule walipanda na ndoo zenye mauti ndani yake. Ndipo Bwana Afya, kijana mmoja aliyeitwa Edmund, alipoanza kufika kwa pikipiki na maagizo ya makazi ya wazee. Agizo la kwanza lilisema ndugu waruhusiwe, ila wanawe mikono. La pili likasema ndugu wasiruhusiwe. Likafuata jingine la kuruhusu ndugu mmoja mmoja, na kabla Mwanne hajamaliza kuwaeleza watu, likaja la kulifuta: lango lifungwe kabisa, atakayekufa asioshwe wala asifanyiwe matanga, anyunyiziwe unga wa klorini mwili mzima, azikwe siku hiyo hiyo, na langoni napo panyunyizwe kila asubuhi.

"Asioshwe?" Mwanne aliuliza. "Bwana Afya, marehemu baba yako hakuoshwa?"

"Alioshwa, Mama Shamila. Lakini hakufa kwa kipindupindu."

"Na glavu ziko wapi?"

"Glavu zimeagizwa."

"Hapa kila kitu kimeagizwa," Mwanne alisema. "Aliyefika ni mimi tu."

Edmund aliinamisha macho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akibeba maneno ya wakubwa zake kama punda, na punda huwa haulizwi amebeba nini.

Wa kwanza kufa alikuwa Mzee Dastani, aliyekuwa ametoroka kwenda kunywa togwa kwenye ngoma ya jirani. Mwanne na Selestini walichimba kaburi kando ya lango, pale penye udongo laini, na kulipokucha wakamtoa. Agizo lilisema anyunyiziwe, lakini halikusema namna ya kunyunyiza. Mkono wa Mwanne ulijua namna moja tu, ile aliyofundishwa na bibi yake kule Lisekese siku za matambiko: unachota unga kwa ncha za vidole, unauachia taratibu, unamtaja aliyekufa kwa jina. Basi akafanya hivyo. Alinyunyiza kichwani, kifuani na miguuni. Na kwa kuwa marehemu hakuwa na mtu wa kumlilia, huruma ikamshika, akasema kwa sauti, "Dastani. Mzee Dastani. Lala, baba, usitudai." Kisha akainama akanyunyiza langoni, huku vidole vikimwasha.

Kina mama waliokuwa wakiteremka bondeni na ndoo walikuwa wamesimama njiani. Waliona yote.

Kila aliyezaliwa uwandani anajua kosa liko wapi, na Mwanne naye alilijua, ila kwa uchovu alipitiwa. Kunyunyiza unga na kumwita marehemu kwa jina ni kazi ya mkulungwa, mkubwa wa ukoo. Mtu baki akimfanyia hivyo maiti asiye wake, anamwita aje kwake. Kabla ya adhuhuri habari ilikuwa imefika mpaka njia ya Tandahimba: Mama Shamila anafuga ndondocha. Anawaua wazee, anawaita kwa unga, na wao wanaamka kumlimia mikorosho. Mwanne hakuwa na mkorosho hata mmoja, lakini nani alikuwa na haja ya kuuliza?

Pengine maneno yangeishia visimani, lau kipindupindu kisingeingia nyumbani kwa Erasto na kumchukua binti yake mdogo. Watu wa afya walikuja wakambeba mtoto, wakammwagia unga mweupe, wakamzika mbali, baba yake akiwa ameshikwa mikono na askari. Hilo lilikuwa jambo la kumtia mtu wazimu, na lilimtia. Alianza kwa kuongoza watu wakachoma moto kambi ya wagonjwa iliyofunguliwa kwenye madarasa ya shule. Asubuhi iliyofuata akaja nao makazini, wameshika mapanga na mipini ya majembe.

"Fungua, we mlinzi!" Erasto alipiga kelele.

"Nina jina mimi," Selestini alijibu kutoka ndani, bila haraka. "Na lango nimeambiwa nisifungue."

Lango lenyewe lilikuwa la mabanzi, halikusumbua. Walilisukuma likaanguka, na Selestini akasimama pale lilipokuwa, amenyoosha mikono pande zote mbili kana kwamba lango sasa ni yeye. Erasto alishusha panga. Lilimwingia kati ya shingo na bega, likanasa, na ilibidi amkanyage kifuani ili alitoe. Damu ilirukia unga mweupe wa asubuhi ile, na kuna mtu aliyecheka. Sijui alicheka nini. Watu wakiwa wengi huwa na kichaa chao.

Mwanne alitoka jikoni na mchi wa kinu. Wa kwanza kumfikia aliondoka na taya iliyovunjika, wa pili akapigwa goti akalia kama mbuzi. Kisha mpini wa jembe ukamshukia mkono wa kushoto, akausikia mfupa ukikatika kabla hajayasikia maumivu. Akaanguka. Walimpiga mateke ya mgongo na tumbo, wakimwita mchawi, na miongoni mwa waliompiga alimtambua mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimzalisha msimu wa korosho uliopita. Walipindua mapipa ya maji yaliyotiwa dawa, wakachoma stoo ya unga na mahindi. Wazee walijifungia bwenini, wakalia kwa Kimakonde na Kimakua.

Erasto aliuvunja mlango wa bweni kwa teke, akambeba mama yake mgongoni. Bibi Ethel alimng'ata sikio mpaka likatoka damu.

"Nangu siendi! Mimi siendi!" alipiga kelele, akimchapa kwa bakora. "Niache hapa! Jumapili yako imefika leo?"

Erasto alikwenda naye vivyo hivyo, sikio likichuruzika.

Selestini alikufa jua halijawa kali, kichwa chake kikiwa juu ya mapaja ya Mwanne. Wazee walioweza kusimama walipokezana jembe, wakamchimbia kando ya Dastani. Mwanne alikusanya unga uliobaki kwenye pipa lililopasuka, akamnyunyizia kwa mkono wake mzima. Safari hii hakusahau maana ya anachofanya. Aliigeukia njia ya bondeni na kuliita jina lake kwa nguvu, ili mwenye kutaka kusikia asikie. Mtu huyu hakuwa na ukoo, basi ukoo wake ni sisi, alisema, na asiyependa aje tena.

Polisi walifika mambo yamekwisha, wakapiga risasi hewani, wakakamata wauza gongo, wakaondoka. Edmund alikuja akamfunga Mwanne mkono kwa vipande vya mbao, akasaidia kulisimamisha lango, kisha akatoa agizo jipya. Aliyetoka makazini asirudishwe, na mgeni asipokelewe, kwa sababu yoyote ile.

"Hili nalipenda," Mwanne alisema. Tangu Dastani, hakuna mwingine aliyeugua ndani ya uzio ule. Mlinzi alikuwa amezikwa, chakula kimeungua, mkono umevunjika, lakini wazee walikuwa hai, na hicho ndicho kitu pekee alichokuwa amebakiwa nacho. Aliapa kwamba ugonjwa hautapita pale yeye akiwa mzima.

Siku chache baadaye, jua likiwa kali, Erasto alirudi peke yake. Alikuwa amembeba mama yake mgongoni kama alivyoondoka naye, ila bibi sasa hakuwa na nguvu ya kung'ata. Macho yalikuwa yameingia ndani, na kanga yake imelowa mpaka inachuruzika.

"Mama Shamila, fungua."

"Mpeleke kambini."

Erasto alimpandisha mama yake vizuri mgongoni. Kambi ilikuwa majivu, na mtu wa kumlaumu kwa hilo alikuwa pale pale.

"Ni mama yako pia," alisema. "Wewe ndiye uliyekuwa ukimwogesha."

Maneno hayo yalimchoma Mwanne kwa sababu yalikuwa kweli. Alitazama nyuma, akawaona wazee wamekaa kibarazani wanamtazama. Akachanganya chumvi na sukari kwenye birika la maji yaliyochemshwa, akamwita Bibi Rose, aliyekuwa na miguu mizima kuliko wengine, akampa ufunguo.

"Nikitoka, funga. Hata mimi usinifungulie mpaka Bwana Afya aseme."

"Na uji utapikwa na nani?" Bibi Rose aliuliza.

"Na wewe, bibi. Ulikuwa unajua kupika kabla sijazaliwa."

Alitoka, akasikia kufuli likifungwa nyuma yake. Alimlaza Bibi Ethel kwenye kivuli cha uzio, akakaa kumnywesha kijiko kwa kijiko. Maji yaliingia na kutoka. Mara moja bibi alifumbua macho, akamtazama.

"Mwanne," alisema, "umevunjika mkono."

"Nilianguka, bibi."

Erasto aliyasikia hayo, akageukia pembeni. Alasiri, mama yake alikata roho.

Mwanne alimfunika uso. Kisha aliinuka, akachomoa ufito kwenye uzio, akampiga Erasto. Alimpiga mabegani, mgongoni, usoni, akihema, bila neno, na Erasto hakuinua mkono kujikinga. Watu walianza kujikusanya kwenye mikorosho ng'ambo ya njia, wale wale wa siku ile, na hakuna aliyesogea. Alimpiga mpaka ufito ukapasuka na mkono wake mzima ukakosa nguvu. Hakujisikia nafuu hata kidogo.

"Mnyunyizie," Erasto alisema, damu ikimtoka puani. "Wewe ndiye unayejua."

"Mama ni wako. Nyunyiza mwenyewe."

Alimwomba Bibi Rose amrushie kopo la unga juu ya lango, akamwonyesha Erasto: ncha za vidole, taratibu, kichwani kwanza. Mtu yule mwenye sauti ya kutisha mnada mzima alinyunyiza huku akiita, "Ethel. Mama yangu Ethel. Lala." 

Walipomaliza kumzika, kwenye kopo palikuwa pamebaki unga kidogo. Erasto aliuangalia, kisha akaliangalia lile tuta la Selestini kando ya nguzo ya lango. Akaenda pale kwa magoti. Akachota kwa ncha za vidole kama alivyofundishwa, akanyoosha mkono, akafungua mdomo. Jina hakuwa nalo. Akageuka.

"Mama Shamila," alisema, "yule mlinzi alikuwa anaitwa nani?"

Mwanne alimtazama. Hakuwa amewahi kumchukia mtu kama alivyomchukia Erasto saa ile.

"Alikwambia ana jina," akasema. "Hukungoja alitaje."

Akaenda kukaa chini ya uzio, akauegemeza mkono wake uliovunjika kwenye goti. Ndani, Bibi Rose alikuwa akikoroga uji na kuwagombeza wenzake. Erasto alibaki amepiga magoti, mkono hewani, unga ukimwasha vidole, na Mwanne hakumwambia jina.