Maneno Ambayo Mama Eliza Hakuyasema

Safari hii sikuitaka. Jarida letu la utafiti lilikuwa limechapisha makala ya Tumaini, mhadhiri mzaliwa wa Lupembe, kuhusu wajane na mashamba ya chai. Ndani yake mjane mmoja ananukuliwa akisema kwamba shemeji yake alimega shamba lake baada ya mazishi. Jina lilibadilishwa, lakini kijijini nani asiyemjua mjane ambaye shamba lake linapakana na banda la kupimia majani? Kijana wa huyo shemeji, anayesoma chuo, aliikuta makala kwenye simu akamsomea baba yake kwa Kiswahili. Ndipo Mama Eliza, mjane mwenyewe, akampigia Tumaini: "Mwanangu, haya nilikwambia lini?"

Hakumwambia. Kwenye rekodi, swali kuhusu shemeji linafuatwa na kimya kirefu, kisha mama anamwuliza mgeni kama ataongeza viazi. Tumaini aliandika kwamba alinyamaza. Alipoipa akili bandia makala imnyooshee Kiingereza, ikaliona pengo, ikaliziba kwa maneno ya uchungu. Yeye alipitia harakaharaka, na sisi wahariri tukayasifu maneno yenyewe. Tuliamua kuifuta makala, ila Tumaini akasisitiza kwamba twende kwanza kwa wenyewe.

Makambako nilishuka asubuhi, baridi ikinikata masikio. Tumaini alikuwa mgahawani karibu na stendi, chai imepoa mbele yake. Nikamtania kwamba mtu wa Lupembe haachi chai ipoe. Hakucheka.

"Kaka, nimekulia jikoni kwa yule mama," alisema.

Njombe tulibadilisha gari, ukungu ukiwa umeufunika mji. Baada ya hapo tulishika njia ya Lupembe, misitu ya mbao kwanza, kisha chai, kijani mpaka macho yanachoka. Siku nyingine ningesimama nipige picha.

Lupembe, Mama Eliza alitupokea kwa salamu ya kwao, "Kamwene", na sahani ya viazi. Alisema zamani yeye na shemeji yake walichuma pamoja, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Sasa kila mtu na lwake.

"Hata kanisani amehama benchi," alisema. "Twendeni mkamwambie sikusema. Nataka ndugu yangu arudi."

Mzee Amoni, ndiye shemeji, tulimkuta bandani akisubiri lori la majani. Tumaini alipiga goti akaeleza yote, akaomba radhi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hiyo ni mashine iliyotunga."

"Ndiyo, baba."

"Na haijawahi kufika huku kwetu."

"Haijafika, baba."

"Sasa ilijuaje?"

Tumaini akajaribu kumweleza kwamba haikujua kitu, kwamba imelishwa habari za wajane wengi, basi ikabahatisha. Mzee akamgeukia Mama Eliza.

"Shemeji, hukusema. Hilo nimelikubali. Basi waambie hawa kwamba si kweli."

Mama Eliza akainamia kapu lake, akaanza kuyapangua majani ambayo hayakuhitaji kupanguliwa. Tulisubiri. Lori lilipofika, Mzee Amoni akapimisha majani yake akaondoka bila kutuaga.

Njiani kurudi niliona haya, na ninaona haya hadi leo. Yule mama alikuwa amepima mambo yake miaka yote, akaona bora apungukiwe shamba kuliko apungukiwe ndugu. Mashine ilibahatisha ikapatia. Ingekosea, mama angekana papo hapo, na yangeisha.

Pale Makambako, tukisubiri basi langu, Tumaini aliniuliza tangazo la kufuta liandikwe vipi. Nikamwambia tuandike kwamba maneno yale hayakusemwa. Zaidi ya hapo hatuna ruhusa ya kuandika.

Siku hizi kila mwandishi anatueleza akili bandia imegusa wapi, na hakuna nukuu inayochapishwa kabla ya kulinganishwa na rekodi. Aliyenyamaza tunamwacha amenyamaza. Ni utaratibu mzuri, ila kwa Mama Eliza umechelewa.

Tangazo limetoka. Tumaini anasema Mzee Amoni amepanda michongoma mpakani, na Mama Eliza anachuma peke yake.