Jina la Papa Kalonji kwenye Mashine

Siku ya kwanza nilifika chumba cha mashine, Likasi, na viatu vipya, nikaambiwa nivivue mlangoni. Kompyuta za wakati ule ziliogopa vumbi kuliko sisi tulivyoogopa wakubwa. Kwetu palikuwa na kioo na kibodi tu. Ubongo wenyewe ulikaa Lubumbashi. Habari za kiwanda zilipita kwenye waya wa simu kwa modemu, kisanduku kinachogeuza maandishi kuwa mlio.

Papa Kalonji, mkuu wa chumba, alinifundisha desturi yake. "Weye mwana, usitume chiffre mbele ya kusalimia bantu. Kule nako kuko bantu." Basi kila asubuhi tuliandika kwanza "Mulamuka?", yaani mmeamka salama, Lubumbashi wakajibu, ndipo tutume hizo chiffre, hesabu za kiwanda. Mkurugenzi alinung'unika kwamba tunachezea laini. Hatukumsikiliza.

Kisha ikaja miaka mibaya. Watu wenye asili ya jimbo la Kasai waliitwa wageni, wakafukuzwa kazini na majumbani mwao. Papa Kalonji alikuwa mmoja wao, ingawa alizaliwa hapahapa Likasi. Kasai aliijua kwa masimulizi ya baba yake. Nilimkuta stesheni na familia yake, wamelala juu ya mizigo, wanangoja treni pamoja na umati. Nilimpelekea bukari, ugali wetu, na samaki wa ziwa la Tshangalele. Hakula. Aliniuliza tu, "Asubuhi mulibasalimia?" Nikamjibu ndiyo. Nililia njia nzima ya kurudi.

Alipokwisha kuondoka, mkuu wa huduma aliniagiza nifute jina lake, lile lililomruhusu kuingia kwenye mashine. Nikaanza, na mashine ikauliza kwa Kifaransa kama kawaida yake: O kwa ndiyo, N kwa hapana.

"Bonyeza O, mama. Dunia iko vile," mkuu akasema.

"Na akirudia, chef, ataingia na jina gani?"

Nikabonyeza N. Alinitazama, akatoka. Hakuniuliza tena.

Baadaye wezi wa shaba walikata waya wa simu. Niliandika salamu, kioo kikanyamaza. Mafundi hawakuja, mshahara nao ukasahau njia, lakini niliendelea kupangusa vumbi mpaka watu wa kiwanda walipokuja kuibeba ile mashine. Nilikuwa bado namngoja.

Sasa nimestaafu. Binti yangu anasema siku hizi mtu hapotei. Akaandika Kalonji kwenye simu yake. Walitokea wengi, vijana kwa wazee, wanatabasamu kwenye picha. Nilimwomba awapitishe polepole, mmoja mmoja. Tulifika mwisho. Wetu hakuwemo.