Harufu ya Kilua Ndani ya Klachi

Mpaka leo nikisikia harufu ya kilua simkumbuki bibi harusi wala siku ya Idi, kama wanawake wenzangu wa Mwabungo. Mimi hukumbuka gari. Nakumbuka boneti limeinuliwa na kuegemezwa kwa ufito, jua la saa sita limelipiga bati mpaka huwezi kuligusa, na ile harufu ya oili ya breki inayokwaruza pua. Halafu chini yake, kwa mbali, harufu tamu ya ua ambayo haikuwa na haki ya kuwa pale. Harufu hiyo niliiweka mimi kwa mkono wangu. Nilikuwa na miaka kumi, na nilibakiza kidogo tu nimpotezee mama yangu kitu ambacho alikuwa ameamua hatakiachia.

Baba alifariki masika yakianza, Mungu amrehemu. Alituacha watoto watatu, mimi nikiwa mkubwa, na gari la zamani la kijivu ambalo gia yake ilikuwa kwenye usukani. Lilikuwa limezeeka tangu siku aliyolinunua, lakini kwa miaka lilibeba machungwa na korosho zetu mpaka soko la Ukunda, na likabeba wajawazito mpaka Msambweni kila mara hodi ilipobishwa. Baba alipougua lilikaa miezi chini ya banda la makuti, na klachi ikafa. Ukiikanyaga ilikwenda mpaka chini kama umekanyaga mto wa pamba, na ukijaribu kutia gia, chuma kilisaga kama mtu anatafuna changarawe.

Mama alikaa eda, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo kwa kila mjane wa dini yetu. Hatoki nje ya nyumba yake, hajipambi, hajipaki chochote chenye kunukia. Shangazi Mwanamisi, dada mkubwa wa baba, alitoka Kinango akaja kukaa naye. Hakuwa mtu mbaya shangazi. Alikuwa mtu wa nchi kavu, aliyezoea kuona ng'ombe akikondeana anauzwa kabla hajafa, na gari aliliona hivyo hivyo. Kule kwao alishapata mtu wa kulikatakata vyuma. Mama akasema gari analitaka liwe katika fungu lake, abebee machungwa, alee watoto. Baba alimfundisha kuendesha kwenye njia za mikorosho, na leseni alikuwa nayo, jambo ambalo lilimshangaza shangazi kuliko yote. Basi wazee wakakubaliana hivi: siku mama atakayotoka eda, gari likiondoka uani kwa nguvu zake lenyewe, ni lake. Lisipoondoka, mtu wa Kinango atakuja na lori.

Kutoka mama hangeweza, lakini gari lilikuwa ndani ya ua. Akamwita ndugu yake, Mjomba Bakari, aliyekuwa fundi wa baiskeli pale kijijini, akamwambia waanze. Mjomba akasema yeye hajui magari. Mama akamjibu alichukulie gari kama baiskeli tu yenye magurudumu manne, na kwamba yeye mwenyewe alimkanyagia baba klachi miaka mingi wakati wa kutoa hewa, na mguu wake unakumbuka. Shangazi alisimama mlangoni na tasbihi yake.

"Wifi, mjane hufungua msahafu. Hafungui boneti."

"Navifungua vyote viwili, wifi," mama alisema, "na vyote viwili viko ndani ya ua wangu."

Shangazi hakuridhika, akampelekea maalim swali. Jibu likarudi kwamba mwanamke yuko nyumbani kwake, pamoja na ndugu yake wa tumbo moja, hakujipamba wala hakujitia manukato, basi aachwe afanye kazi. Tangu siku hiyo shangazi hakupinga tena, ila alihamishia mkeka wake pale pale barazani, aone.

Klachi ya gari lile ilisukumwa kwa oili. Ukikanyaga, pampu ya juu inasukuma oili kwenye mrija, mrija unaipeleka kwenye pampu ya chini, na ile ya chini ndiyo inaachanisha klachi. Raba za ndani zilikuwa zimekwisha. Mjomba alipanda baiskeli mpaka Ukunda akarudi na raba mpya na kopo moja la oili, akafunga kila kitu, ikabaki kutoa hewa iliyoingia mrijani. Kazi hiyo ni ya watu watatu. Mama alikaa kwenye usukani, buibui amelikunja magotini. Mjomba alilala chini kwenye gunia, akifungua na kufunga skrubu ya pampu ya chini ili hewa itoke pamoja na oili kidogo. Mimi nilisimama juu ya kinu kilichopinduliwa, nikilinda kibakuli kidogo cha oili kilicho juu ya pampu, ndani ya boneti. "Kanyaga," mjomba anasema. "Nimekanyaga." "Shikilia." "Nimeshikilia." "Achia." Walikwenda hivyo kwa mahadhi, kama watoto wa chuo cha Kurani na mwalimu wao. Kazi yangu ilikuwa moja: kibakuli kisikauke, kwa sababu kikikauka hewa inaingia na yote yanaanza upya. Mjomba alinionya kwamba nisikiache kikauke hata yeye akifa huko chini.

Kopo likaisha. Nililikung'uta, halikutoa tone, na huku kibakulini oili inashuka na wao wanaendelea, kanyaga, shikilia, achia. Ningesema, ningesikilizwa. Lakini nilimtazama mama, jasho linamtiririka, macho ameyafumba, midomo inamtaja Mungu, nikaona siwezi kuwa mimi wa kumwambia tuanze upya. Nikakimbia chumbani. Juu ya kabati palikuwa na chupa yake ya mafuta ya nazi, aliyoyapika mwenyewe na kuyatia vilua, ambayo eda ilimzuia kuyagusa. Nilikuwa nimemwona mara ngapi akiyatia kwenye cherehani na kwenye bawaba za mlango? Yalikuwa mepesi, ya rangi ya asali, sawasawa na ya kopo. Nikamimina. Kibakuli hakikukauka.

Na klachi ikashika. Mama alitia gia ikaingia kimya, mjomba akatoka chini amejaa vumbi, akacheka. Asubuhi ya pili, baada ya sala ya alfajiri, mama akaenda kuijaribu. Imekufa. Kwanza ilikataa kushuka, kisha ikashuka bila kazi yoyote, na gia zikasaga.

Hivyo ndivyo tulivyoanza kuzunguka. Mjomba analeta oili, wanatoa hewa, mchana inapona, asubuhi imekufa. Walibadilisha raba mara ya pili. Walikaza kila kiungo cha mrija. Nami kila nilipoona kibakuli kimepungua nilijazia kidogo kutoka chupa ile, kwa siri, na niseme ukweli, kwa fahari. Niliamini mimi ndiye ninayelitia uhai gari la baba. Shangazi alikuwa anahesabu siku zilizobaki kwa sauti, si kwa ubaya, ila zisitupite. Mjomba akakata tamaa, akasema sahani ya klachi ndiyo iliyokwisha, lazima gia yote ishushwe, na hiyo si kazi ya fundi wa baiskeli.

Mama alikataa. Hakuwahi kusoma shule, lakini ukutani jikoni alikuwa ameanza kuchora kwa mkaa. Kila baada ya sala aliijaribu klachi: ikishika, duara, ikikataa, msalaba. Alimwita mjomba akamwonyesha. Misalaba yote ilikuwa ya alfajiri. Adhuhuri na alasiri ni maduara matupu.

"Sahani iliyokwisha itajuaje kwamba ni alfajiri?" alimuuliza. "Kitu hiki kinaogopa baridi. Tafuta kinachoogopa baridi."

Maneno hayo niliyasikia nikiwa nakoroga uji. Ulikuwa wakati wa kipupwe. Kila mtoto wa pwani anajua mafuta ya nazi huganda asubuhi za kipupwe, yakawa meupe kama samli, mpaka uiweke chupa juani. Nilikwenda chumbani nikapanda kiti. Chupa ilikuwa nyeupe mpaka shingoni. Nikaielewa klachi yote kwa mara moja, nikaogopa. Siku mbili sikusema. Nilijipa sababu kwamba watagundua wenyewe, kwamba labda jua litakuwa kali zaidi. Usiku nilimsikia mama kwenye mswala akimwomba Mungu amwonyeshe kosa, na kosa lilikuwa limelala chumba cha pili, limejifunika kanga.

Siku ya tatu alfajiri mama alikwenda mwenyewe kwenye boneti na koroboi. Alifungua kifuniko cha kibakuli, akainamisha uso karibu kabisa. Mwanamke aliyekaa miezi bila kunusa manukato, pua yake huwa kali. Akaniita bila kugeuka.

"Mwatime, njoo unuse. Panuka nini hapa?"

Nilinusa. Ningeweza kusema oili.

"Panuka kilua, mama."

Nikamweleza yote nikilia, kopo, chupa, kila siku niliyojazia. Shangazi alishatoka ndani na kanga yake ya kusalia, akasema mtoto huyu ni wa kuchapwa mpaka alasiri. Nilimwona mama akiinua mkono, nikafumba macho. Mkono ukatua kichwani kwangu.

"Mimi ndiye niliyetia mafuta ya nazi kwenye cherehani mbele yake," alimwambia shangazi. "Na tulimpa kopo bila kumwambia kitu. Lakini zile siku mbili, Mwatime, ulizojua ukanyamaza, hizo ni zako. Utazilipa kwa kazi."

Nikazilipa. Zilibaki siku sita eda iishe. Tulifungua kila kitu, na mimi ndiye niliyeosha, kwa maji ya moto na sabuni, kisha kwa spiriti, mrija na pampu zote mbili mpaka vidole vikachubuka. Raba zilikuwa zimevimba kama uyoga. Mjomba akaenda kununua nyingine. Ndani ya pampu ya juu kuna tundu dogo ambalo oili hupita kurudi kibakulini, dogo kuliko tundu la sindano, nalo lilikuwa limezibwa na mafuta meupe. Ujiti wa ufagio haukuingia. Sindano haikuingia. Mjomba akachana waya wa breki ya baiskeli, akatoa uzi mmoja tu, na uzi huo ukapita. Alisema hapo ndipo alipojua kwa nini Mungu alimfanya fundi wa baiskeli. Shangazi, ambaye hakuwa ameligusa gari hata siku moja, alikaa juani akifukuza kuku wasikanyage vyuma tulivyovianika kwenye mkeka wake.

Siku ya kutoka eda mama alioga, akavaa nguo nyingine, akasali. Lori la mtu wa Kinango lilikuwa limeshasimama njiani. Mjomba alimshauri angoje jua lipande, kwa usalama. Mama akasema kitu kisichofanya kazi alfajiri si chake. Ilikuwa baridi, pumzi zetu zilionekana kwenye kioo. Alisema bismillahi, akakanyaga. Mimi nilitazama mguu wake, si uso. Mguu ulikwenda taratibu, ukapata ukinzani, ukatulia. Gia ikaingia kama mlango unaofungwa kwa adabu. Gari likatoka uani, likalipita lori, na shangazi alikuwa kiti cha nyuma na tasbihi yake. Hakuna aliyemwona akipanda.

Machungwa yalitulea. Shule niliiacha mapema, kabla sijajua kusoma, ili nimsaidie mama, na kusoma nimekuja kusoma nikiwa na watoto watatu, madarasa ya jioni, mimi na wanawake wengine tukikaa kwenye madawati ya watoto. Mwezi wa kwanza nilioweza kuunganisha maneno nilichukua kopo lile la zamani kutoka banda la baba, kutu imelila nusu. Maandishi ya Kiingereza mwalimu alinisaidia. Yalisema usichanganye na mafuta ya aina nyingine yoyote. Yalikuwa pale siku zote, mkononi mwangu, juu ya kinu.

Siku hizi mafundi wa Ukunda huchomeka simu kwenye gari na simu ikawaambia kosa, na binti yangu hunicheka kwamba bado ninalo hili la kijivu, ambalo halina pa kuchomeka chochote. Sibishani naye. Nimemfundisha kukanyaga, kushikilia na kuachia, na neno la kwanza nililomfundisha kusoma nyumbani lilikuwa kwenye kopo. Mama sasa macho yake yamefifia, lakini kila tunapompeleka kliniki Msambweni yeye hukaa mbele, fimbo katikati ya magoti, na hakubali tuondoke kabla sijafungua boneti na kuinama. Anangoja. Nikirudi kwenye usukani huniuliza, kama alivyoniuliza alfajiri ile:

"Panuka nini?"

"Panuka oili, mama. Oili tupu."

"Haya. Kanyaga."