Siku ya Kujitetea

Wanafunzi wa uzamivu ambao ni wa kwanza kwao kufika chuo kikuu huniuliza wawaeleze nini watu wa nyumbani. Huwa nawajibu kwa ukali: waelezeni yote, na siku ya mwisho njooni nao. Nani kawaambia hawataelewa?

Nilipomaliza kuandika tasnifu yangu, nilimpigia mama simu kijijini kwetu Mlingotini, nikamwambia wiki ijayo nimeitwa chuoni kujitetea. Akauliza, "Umeshtakiwa kwa kosa gani, mwanangu?"

Nikacheka, nikamweleza kwamba ni maswali tu ya maprofesa, wanataka kuhakikisha kazi ni yangu kweli.

"Kumbe wanakushuku," akasema. "Basi huendi peke yako."

Akaja Dar na buibui lake la sikukuu, akakaa kiti cha nyuma kabisa. Maprofesa wakanihoji mpaka koo likanikauka. Walipomaliza, mwenyekiti wao akatuomba sote tutoke nje ili wao wajadiliane. Watu wakainuka, lakini mama akabaki pale pale kwenye kiti.

Mwenyekiti akamfuata kwa adabu. "Shikamoo mama. Wewe ni nani wake?"

"Marahaba, baba. Mimi ni shahidi wake."

"Shahidi wa nini, mama?"

"Kwamba kaandika mwenyewe," akasema mama. "Alipokuja kuandikia nyumbani, kulikuwa na joto, mimi ndiye niliyekuwa nampepea."