Koti Nililolikata kwa Wembe

Katika atelye ile ya kushonea nguo, kwenye barabara ya kuteremkia Nguba, wanaume walikata na wanawake walishona. Hakuna aliyewahi kuiandika sheria hiyo. Fundi mkuu alikuwa na mkasi mmoja mzito wa kukatia vitambaa vya wanaume, na aliufungia ndani ya sanduku la meza. Ufunguo aliuvaa shingoni pamoja na msalaba wake. Sisi wanawake wawili tulipewa nyembe za kufumulia nyuzi. Mwenzangu alishona matundu ya vifungo. Mimi nilishona mikono na bitana.

Niliwahi kumuuliza fundi sababu. Alinijibu bila hasira, kama mtu anayeeleza kwamba mvua hutoka juu.

"Maman, mwanamuke akishika makasi ya mwanaume, inakufa makali."

"Na wembe, papa?"

"Wembe ikikufa, tunatupaka tu, tunauza ingine."

Sikusomea ushonaji. Shule yangu ilikuwa nguo kuukuu za soko la Kadutu. Nilikuwa nikinunua koti lililochakaa na, Jumapili baada ya misa, kulifumua mshono baada ya mshono, kuvitandika vipande sakafuni na kuvisoma. Kitambaa kilichovaliwa muda mrefu hakisahau mwili. Hunyooka pale mfupa unapokivuta, hujikunja pale ambapo hamna mtu ndani yake. Nilipomaliza kusoma, nililishona tena.

Enzi hizo serikali ilikuwa imekataza tai, na kila mwanamume wa heshima alitaka abakosti, koti la kuvaliwa bila tai, iliyomkaa vizuri mabegani. Fundi alizikata zote kwa kufuata karatasi za mifuko ya saruji zilizotundikwa ukutani. Kila karatasi ilikuwa nusu ya koti. Kitambaa kilikunjwa mara mbili ili pande zote mbili zitoke sawa. Wengi iliwafaa. Haikumfaa muzee mmoja mwenye malori, ambaye zamani alianguka kutoka juu ya mizigo, na bega lake la kuume likapona likiwa limeshuka. Fundi alimjazia pamba upande ule. Jasho likimtoka, pamba iliteremka kifuani. Mwenzangu alimpa jina la chinichini: Papa Godoro.

Jumanne moja muzee huyo alikuja na kitambaa cha kijivu. Jumamosi alikuwa anamwoza binti yake. Fundi hakuwepo, alikwenda kumwangalia ndugu yake aliyelazwa hospitalini Katana, na ufunguo ulikwenda Katana pamoja naye.

"Atarudia siku gani?"

"Alhamisi, papa."

"Mumuambie asiniwekee tena ile pamba. Bibi yangu anasema niko kama mutu mwenye kuficha kuku ndani ya koti."

Nikamwomba aniachie koti alilolivaa, la kupakilia mizigo.

"Unataka kunifulia?"

"Nataka kulisoma, papa."

Akacheka, akalivua, akaondoka na shati.

Nililifumua mchana uleule. Chini ya shingo, upande wa kuume, palikuwa na kunyanzi la miaka mingi. Kunyanzi hilo ndilo nililoliondoa katika koti jipya. Sikukikunja kitambaa kipya. Nilikikata kila upande peke yake, bega la kuume likiteremka na tundu la mkono likishuka nalo. Nilikata kwa wembe, juu ya ubao, nikifuata rula. Mkasi ukianza vibaya unaweza kusimama. Wembe ukigusa, umekwisha kukata.

"Ukiharibisha hiyo nguo," mwenzangu alisema, "watakuzika nayo."

"Basi nitazikwa nimevaa vizuri."

Alhamisi fundi aliingia, akaona meza.

"Nani alifungua sanduku yangu?"

"Hakuna. Shika shingo yako, papa."

Aliugusa ufunguo. Ulikuwepo.

"Nani alikata?"

"Mimi. Na wembe."

Aliinua vipande viwili vya mbele, akavilinganisha mbele ya dirisha. "Ona! Hazilingane! Umeua kitambaa ya mutu!"

"Muzee naye halingane, papa."

"Ikimukatala, unatoka hapa."

"Sawa. Na ikimukubali?"

Alivirudisha vipande mezani, akatoka nje.

Ijumaa muzee alisimama mbele ya kioo. Akageuka. Akainua mkono, akaushusha. Koti liliinuka naye na kurudi mahali pake. Kisha akamgeukia fundi.

"Fundi, leo umenipata."

"Ni kazi yetu, papa."

Nilikuwa na pini mdomoni. Nilizitoa, nikazichomeka kwenye kimto cha pini, moja moja.

"Nilikata mimi, papa."

"Mwanamuke?"

"Ndiyo."

Alilivua koti, akaligeuza ndani nje, akaikagua mishono kama anayetafuta ugonjwa. Mwishowe akasema, "Harusi ni kesho," kwa sauti ya mtu asiye na la kufanya, akalichukua. Hakunishukuru. Fundi hakunifukuza, lakini sanduku nalo hakulifungua. Jumatatu nilirudia mikono na bitana.

Kabla ya msimu wa mvua kwisha, muzee alirudi na kitambaa cha bluu.

"Nataka sawa ile ya harusi. Sawa ile kabisa."

Bila kunitazama, fundi alikisukuma kitambaa upande wangu wa meza. Juu yake aliweka wembe mpya, ungali ndani ya karatasi yake. Niliuchukua, nikaurudisha mbele yake.

"Siku ile ufunguo ilikuwa Katana," nilisema. "Leo iko hapa."

Nikakaa, nikakunja mikono. Mwenzangu akasimamisha cherehani yake. Muzee alitutazama mmoja baada ya mwingine.

"Munangoja nini?"

"Makasi, papa."

"Fundi, umupe basi! Lori yangu iko inapakia!"

Fundi alivuta uzi kutoka ndani ya shati. Msalaba ulitoka pamoja na ufunguo. Alifungua sanduku, akautoa mkasi, akaninyooshea, ncha zikinielekea mimi.

Sikupokea. Niliutazama mkono wake mpaka alipougeuza mkasi.