Mwanangu ameweka jani la isale juu ya kitabu cha katuni

Admin nifichie jina, huku Uru tunajuana. Mwanangu sasa hivi amepita mbele yangu na jani la isale amelifunga fundo, akaliweka juu ya kitabu cha katuni, akaviweka vyote kwenye kigoda pembeni ya bibi yake anayechambua maharage. Amekimbilia nyuma ya banda la ng'ombe, namsikia anavuta kamasi.

Nina miaka thelathini na moja, huyu binti nilimpata nikiwa na kumi na saba. Naishi kwa mama mkwe. Mume wangu anapandisha wageni mlimani, na akiwa huko simu yake haipatikani. Binti yetu anapenda magemu ya mtandaoni kuliko chakula, anachezea kwenye simu yangu na wenzake ambao hata sura zao hazijui.

Wiki iliyopita nilikwenda Moshi kuuza ndizi, simu nikaiacha nyumbani, mama mkwe akaenda msibani. Tulimwambia binti, ng'ombe ana dalili za kuzaa, kaa karibu, akianza umwite jirani. Akakaa karibu kweli, mlangoni pa banda, lakini hedifoni masikioni. Ng'ombe akalia, yeye hakusikia. Ndama alizaliwa na utando puani, mtu wa kumfuta hakuwepo. Tuliporudi tulimkuta binti amempakata yule ndama amekufa, gauni la shule lote limelowa. Mpaka leo ng'ombe anamwita mtoto wake, na akiita tu binti anaacha kula.

Mama mkwe hakumpiga. Angempiga ningeona nafuu. Alisema tu, "Jumapili tukitoka kanisani anakwenda kwa shangazi yake Kirua Vunjo. Huko hakuna simu." Sasa huyo shangazi ana watoto wadogo na genge la kuuza vyakula. Wasichana wawili wa ukoo walipelekwa kwake "kunyooshwa", shule zao ziliishia hapo hapo. Nimelia mpaka nimechoka kulia.

Nilikwenda shule kumwomba mwalimu wake amkanye. Akanipa hicho kitabu cha katuni, akasema, "Mama, soma wewe kwanza." Mimi niliishia darasa la saba, maneno mengi yananichosha, lakini picha hazina darasa. Ni habari ya binti anayependa magemu. Mahali fulani amekaa mezani na wazazi wake, kila mtu anamsemesha, yeye amechorwa hana mdomo. Ukigeuza ukurasa yuko kwenye gemu, mdomo umerudi, anacheka na wenzake. Nilikaa na ukurasa ule hadi chungu cha mtori kikaungua.

Nikampa wangu naye akisome, kisha nikamuuliza, "Hao unaocheza nao wanakuitaje?" Akainamisha kichwa. "Kamanda, mama. Mimi ndiye nawaongoza." Nyumbani hapa tunamwita "we mtoto". Bibi yake alikuwa anapita na ndoo, akasikia. "Kamanda! Kamanda gani anashindwa kumlinda ndama?" Binti akajibu polepole, "Ni kweli, bibi." Ndiyo mara ya mwisho wameongea.

Na ni bibi huyo huyo aliyemfundisha habari za isale. Kwamba ukimkosea mtu unampelekea hilo jani, na akiletewa hakatai kukusamehe. Ila mtoto hapeleki mwenyewe. Anasimama mtu mzima, anamsemea. Wangu amepeleka peke yake kwa sababu hana wa kumsemea. Baba yuko mlimani, na mimi mama yake niko hapa jikoni nimeshika simu nawaandikia nyie.

Nikitoka nikamsemea, nitaonekana mkwe niliyesimama upande wa simu, na ndama wa watu amekufa. Nikinyamaza, jani litanyaukia pale na Jumapili mwanangu anafunga nguo zake. Simu niko tayari kuifungia kabatini hata mwaka. Mtoto siwezi.

Nachungulia mlangoni. Mama mkwe ameacha maharage. Jani amelishika mkono wa kushoto, na kitabu anakifungua kwa kidole, kama anagusa sufuria ya moto. Anakisogeza mbali, anakileta karibu. Haoni bila miwani, na miwani yake hakuna anayeigusa, ni ya kusomea kitabu cha nyimbo kanisani tu.

Wenzangu mnaojua kuongea na wakwe, nisaidieni maneno. Nianze na pole ya ndama, au nianze na mtoto? Nimwambie kuhusu ule ukurasa wa binti asiye na mdomo, au nimwache auone mwen... ngojeni, ananiita. Anasema, "Mama Kamanda! Niletee miwani yangu. Na huyo aliyeko nyuma ya banda mwambie aje anionyeshe hizi picha." Sijawahi kuitwa hivyo. Jamani upesi, nikifika pale mbele yake nianze na...